Ruhusa ya Siku Tatu

Kaka mpendwa,

Shikamoo. Natumaini barua hii itakukuta mzima, na ule mguu uliokuwa ukikusumbua umepata nafuu. Wanao wote wasalimie, na yule mkubwa mwambie nimefurahi kusikia amepata kazi. Mimi mwili hauna neno. Nakula, nalala, naamka. Zaidi ya hapo sijui niseme nini, lakini muda ninao, maana niko nyumbani kwa ruhusa na leo ndiyo siku ya mwisho.

Najua umeshtuka kusikia neno ruhusa. Hata mkuu wangu wa kazi alivua miwani akaniambia niseme tena. Miaka ishirini na miwili niko masjala napanga mafaili, sijawahi kuomba hata nusu siku, na wenzangu hunitania kwamba nikichelewa watapiga simu polisi. Nilimwambia nina mgonjwa nyumbani na hali yake si nzuri. Akasaini papo hapo, akanipa pole, akasema nimfikishie mgonjwa salamu zake. Sikumwambia kwamba mgonjwa mwenyewe ni kifaranga wa bata.

Usicheke, kaka. Au cheka, si kitu.

Bata wa hapa nyumbani niliwapa jirani yetu fundi viatu miezi kadhaa iliyopita, sababu nitaieleza huko chini. Mmoja wao kaatamia, kaangua, kawatembeza watoto wake wote isipokuwa mmoja, mdogo na mnyonge kuliko wenzake. Huyo kila akimsogelea mama yake anadonolewa. Fundi akaniletea mkononi, akasema huyu ni wa kwenu, yeye ana ngozi za kukata, hana nafasi ya kulea. Nikampokea kama ninavyopokea faili.

Nilimweka kwenye boksi la viatu chini ya taa ya meza. Siku mbili alikula vizuri, akawa ananifuata jikoni miguu ikigongana. Jumapili nikaona nimfurahishe. Bata na maji, nani asiyejua? Nikajaza beseni, nikamwacha aogelee wee, mimi nikapiga pasi mashati ya wiki nzima. Nilipogeuka, kichwa tu ndicho kilichokuwa juu ya maji, na macho ameyafumba. Nilimkimbiza kwa bwana mifugo. Akanieleza taratibu, kwa sauti ya kumhurumia mjinga, kwamba kifaranga mdogo hivyo hupata mafuta kwenye manyoya ya mama yake anapolala chini yake. Asiye na mama, maji humwingia hadi kwenye ngozi na baridi ikamshika kifuani. Akasema nimpe joto na maji ya sukari, na nisitarajie makubwa.

Basi Jumatatu asubuhi nikaomba ruhusa. Kazi yenyewe ilikuwa kumfunga kwenye kipande cha flana, kumsogeza karibu na taa bila kumuunguza, kumfungua mdomo kwa kidole na kumdondoshea maji ya sukari kwa bomba lililotolewa sindano. Kila robo saa, kaka. Nilikuwa naandika kwenye daftari, tabia ya ofisini: saa tatu na robo, matone manne, amemeza mawili. Sikuwa na huzuni wala hofu. Ulishawahi kukalia mguu mpaka ukafa ganzi, ukaubonyeza na usisikie kitu? Ndivyo nilivyokuwa, mwili mzima.

Jana jioni wakaja wenzangu wanne kumtazama mgonjwa. Walivaa vizuri, walibeba machungwa, wakaanza kunong'ona tangu mlangoni. Dereva wa ofisi akauliza mgonjwa kalala chumba gani, nikamwonyesha boksi juu ya meza. Akachungulia, kicheko kikamtoka, akajiziba mdomo. Wengine wakatazama miguu yao. Mama wa mapokezi peke yake ndiye aliyevuta kiti akakaa. Alitazama boksi, akatazama sahani moja na kikombe kimoja pale jikoni, kisha akaniuliza polepole mama wa nyumba hii yuko wapi. Nikasema katoka kidogo. Wenzake walipotangulia nje, aliniambia kwamba mtu anayetoka kidogo habebi mapazia. Nikageuka. Kweli, madirisha yote yalikuwa matupu. Mpaka jana nilikuwa sijaona.

Kifaranga amekufa leo asubuhi, saa mbili kasoro dakika kumi, kichwa kikiwa kwenye kiganja changu. Alinyoosha shingo mara moja, akailegeza. Nimemfukia nyuma ya bomba la maji.

Kaka, shemeji yako ameondoka. Huu ni mwezi wa tano. Yuko kwa dada yake, mji huohuo wako, na nashangaa hamjakutana, au mmekutana na unanisitiri. Hatukugombana. Mwaka jana alipolazwa siku tisa, mimi sikukosa kazini hata siku moja. Nilikuwa napita saa ya kuona wagonjwa, nasimama robo saa, naiangalia saa ya ukutani, narudi. Nilidhani ndivyo inavyotakiwa. Siku anaondoka aliniambia kwamba akifa ndani ya nyumba hii nitagundua wiki ya pili. Nikambebea sanduku mpaka kituoni. Sikumwambia abaki. Bata walikuwa wake, na wiki hiyohiyo nikawapeleka kwa fundi.

Salamu zake zote nilizokuandikia tangu hapo, hata ile ya kukuuliza kama umeacha sigara, nilizitunga mwenyewe. Nisamehe. Niliona aibu, na ilikuwa rahisi kuandika.

Bata nimemwombea ruhusa ya siku tatu. Mke wangu sikumwombea hata moja. Tangu asubuhi nalirudia jambo hili kichwani na bado halijaniuma, na naiogopa sana siku litakaponiuma.

Ukimwona, usimbembeleze arudi. Mwambie tu palikuwa na kifaranga wa bata wake, amekufa leo saa mbili kasoro dakika kumi, na mimi nilikuwepo. Neno lingine usiongeze.

Wote wa hapo nawasalimu. Kutoka huku anayekusalimu ni mimi peke yangu.

Mdogo wako