Twaha, Si Chai Iliyokuua

Mwaka mmoja umetimia tangu komeo la mlango wa nyuma lilipolia gizani, nawe ukaninong'oneza, "Lala, mama Tatu, nawahi zamu ya maji."

Hapa Lukozi wanajua hukuwa mtu wa ugomvi. Wewe ndiye uliyeniandikisha masomo ya jioni, mimba ya Mbaraka ikiwa changa. Ulinisubiri nje ya darasa, Tatu, na miaka yake minne, mgongoni kwa kanga yangu, wenzako wakikutania, "Twaha, unajifungua lini?" Nawe ukiwajibu, "Mwezi ujao, leteni uji."

Asubuhi ile uliwakuta ndugu wawili wa shamba la juu wanapigania mfereji. Mmoja alishapasuliwa mdomo kwa mpini wa jembe, anatema meno. Mwingine alikuwa na panga. Ukaingia katikati. Panga la ndugu kwa ndugu likakuchana wewe tumbo, kutoka kitovuni hadi ubavuni. Mdogo wako Bakari anasema uliushika utumbo wako kwa mikono miwili na bado ukawafokea, "Acheni! Mtauana!" Damu ikafuata maji hadi kwenye kabichi zetu.

Wakakuleta nyumbani juu ya mlango walioung'oa bandani. Tulipokuwa tunasubiri gari, meno yakikugongana kwa baridi, ukasema, "Mke wangu, nipe chai." Nikakupa. Sikujua kwamba mwenye jeraha la tumbo hapewi kitu. Na ningejua, ningekunyimaje?

Hospitali ya kwanza ilikuwa na chumba cha upasuaji, kitanda na taa kubwa. Mtoa dawa ya usingizi alikuwa mmoja tu, na alikuwa likizo. Wakapiga simu huku na huku, shuka likilowa, likibadilishwa, likilowa tena. Ndipo tukaambiwa tukupeleke mbele. Kila kona ya mlima ulipiga ukelele, na Bakari akalia kama mtoto huku amelishikilia shuka lile tumboni mwako.

Hospitali ya pili, mtaalamu wa usingizi akauliza, "Amekula au kunywa chochote?"

Niliogopa nikisema ndiyo hawatakupasua. Nikasema, "Hapana."

Ukafumbua macho. "Mwongo huyo, dokta. Vikombe viwili, na sukari kaijaza."

Hata yeye alicheka. Akakupitisha mpira puani, akaivuta chai yote, ndipo wakakupasua. Ilishafika saa nane mchana. Siku ya tatu ukatutoka.

Dada yako Zuhura alinirukia mlangoni mwa wodi, akanipiga makofi mbele ya wagonjwa. "Umemuua kwa chai yako!" Maneno hayo yalitoka wodini yakafika bombani, na Tatu akayasikia huko. Usiku akaniuliza kama ni kweli.

Twaha, daktari aliyekupasua alisema, na Bakari alikuwepo: "Si chai, mama. Masaa manane tumbo liko wazi, uchafu umeshasambaa mwili mzima. Kama angefanyiwa asubuhi ile, pale pa kwanza, tungekuwa na la kupigania." Tunayaandika haya yasomwe, ili binti yako asikue akidhani mama yake ndiye.

Tangu Ramadhani hospitali ile ya kwanza ina watoa dawa ya usingizi wawili. Mwezi uliopita mama mmoja aliangukiwa na gogo, bandama ikapasuka. Alifikishwa saa tatu, saa nne yuko meza ya upasuaji. Leo anakula ugali na kumgombeza mumewe. Kila anayesoma hapa tunamwomba kwa ajili yako: mwenye jeraha la tumbo mfunike blanketi, mkimbize hospitali, na chai iache jikoni.

Unakumbukwa na mama yako Bi. Mwanaidi, mkeo Latifa, wanao Tatu na Mbaraka, ambaye hukumwona lakini ana pua yako, pamoja na mdogo wako Bakari. Hatutakusahau, siku zote za maisha yetu.

Jina la Zuhura halipo. Alisema halikai karatasi moja na langu. Ila jana kwenye hitima yako alikuja, akaketi karibu na mlango. Mwaka mzima hajapokea hata maji mkononi mwangu. Nilimimina chai, nikasita, sikujua nimpelekee au nimruke. Tatu akakitwaa kikombe kwa mikono miwili, akapita katikati ya wageni wote, akasimama mbele yake.

"Shangazi, kunywa chai."