Nyasi Zilizoota Kaburini Kwako

Mama,

Shikamoo. Mdomo umeshazoea, siwezi kuanza vingine.

Mvua za vuli zimenyesha Kwedizinga na kaburi lako limeota nyasi. Mwanao, mume wangu, bado yuko Korogwe na yule mwanamke wake. Tangu mazishi hajarudi. Tumebaki mimi na Baba, na macho yake sasa hayaoni kabisa. Siku zile za mwisho uliponishika mkono ukasema, "Mzee usimwache," niliitikia. Ningesema nini, Mama? Lakini kila basi likipiga honi barabarani, moyo unapanda nalo. Kwetu Dindira wananiita nirudi.

Juzi Baba aliniuliza, "Hizo nyasi ni ukoka au sangari?" Aliogopa sangari, maana ingeshuka mpaka kwenye mahindi, na ukiikata kwa jembe kila kipande kinachipua upya. Nikang'oa suke moja. Nikakumbuka ulivyonifundisha mwaka nilioolewa, mimi mtoto wa milimani niliyejua kuchuma chai tu. Ulinikunjua kiganja ukasema, "Vidole vya ukoka vinatoka mahali pamoja. Vya sangari vinafuatana kijitini, kimoja juu, kingine chini." Kisha ukayaona malengelenge yangu ya jembe, ukacheka.

Vidole vya suke nililong'oa vilitoka mahali pamoja. Nikampa Baba, akalipapasa lile suke kwa muda mrefu.

"Ni ukoka," akasema. "Ukoka utamshikia mke wangu udongo. Mimi nitakaa naye hapa. Wewe nenda kwenu, mwanangu. Umechoka."

Mama, maneno hayo nilikuwa nimeyasubiri. Nilifungasha kanga zangu nikafika mpaka kituoni. Basi likaja. Kondakta akaniuliza, "Mama, unapanda?" Nikawaza nani atamwekea maji ya kutawadha, nani atamwambia moto umezimika. Basi likaondoka. Nilirudi nalia, na yalikuwa machozi ya hasira, si ya huruma. Nataka ulijue hilo. Baba alisikia hatua zangu. Aliuliza tu kama chumvi bado ipo.

Pumzika, Mama. Siahidi kubaki hapa maisha yangu yote, hilo siliwezi. Ninaloahidi ni kwamba siku nikienda, nitaenda naye, hata akinigombeza njia nzima.

Mkwe wako,
Mwanaidi