Jina ndani ya saa ya Bi Pourchet

Odile, dada yangu, usinipigie. Soma tu.

Leo nimefungua ile saa ya Bi Pourchet, ya marumaru na shaba iliyopakwa dhahabu, inayokaa kwenye rafu juu ya meko ya sebuleni kwake. Si unajua sisi mafundi tukitengeneza saa tunakwaruza jina na tarehe ndani, nyuma ya mitambo.

Jina la mwisho ni la baba. A. Jeannerot, Machi 2019.

2019, Odile. Alituacha 2001, tukamhesabu marehemu. Kumbe alikuwa hapa hapa Besançon, mitaa miwili kutoka kwa mama.

Nikamuuliza Bi Pourchet, huyu fundi alikuwaje?

"Mpole sana, binti yangu. Alikaa hapo hapo ulipokaa, akanywa kahawa. Nikamuuliza kama ana watoto wa kurithi ufundi, akasema hakujaliwa."

Hakujaliwa. Na mimi nimeshika bisibisi yake, ile aliyoiacha nyumbani.

Sikulia. Nikamaliza kazi, nikakwaruza jina langu chini ya lake. Bibi akavaa miwani, akasoma yote mawili, akanisogezea biskuti.

Nimefika nyumbani. Mama kauliza kazi ilikuwaje.

Nimemwambia saa inatembea.