Jina Ulilokuwa Unalitafuta Kwenye Gemu

Warsaw, Poland

Baba yangu mpendwa,

Shikamoo. Natumaini barua hii inakukuta mzima, na goti lako limetulia tangu mvua zipungue. Na Mama je, kifua kinamwachia sasa? Mimi huku ni mzima, nakula vizuri, na koti lile ulilosema linanifanya nionekane kama gunia la maharage bado nalivaa. Barua hii nimemtumia Dada Domina kwenye simu, aichapishe pale Nyakanazi na kuipakia kwenye basi la Ngara, kisha bodaboda aifikishe Keza. Ningeweza kupiga simu. Lakini nina jambo ambalo kwenye simu ningelikwepa, kama nilivyolikwepa mwaka mzima.

Kwanza pokea shukrani zangu, maana wiki hizi nimekukumbuka sana. Mafundi wengine wakisikia injini imewaka, kazi imekwisha. Wewe ulikuwa hurudishi pikipiki mpaka uipandishe kilima na mzigo wa mwenyewe. Kama ni ndizi, ndizi. Kama ni mkewe, mkewe. Siku ile ulipopanda na beberu wa Mzee Laurenti amefungwa nyuma, analia njia nzima, kijiji kizima kilicheka, na mimi nilijificha nyuma ya kibanda kwa aibu. Ukarudi, ukatia tone lako la rangi ya bluu, alama ya kazi uliyoimaliza, chini ya kiti pasipoonekana, ukanipa ufunguo: "Haya, mpe mwenyewe." Wakati ule niliona unapoteza muda. Nisamehe, nilikuwa sijui kitu.

Sasa sikia habari za kazi. Ile gemu yetu ya mashindano ya pikipiki inaingiza fedha nyingi kuliko tunavyoambiwa. Lakini kwenye simu za bei ndogo inachelewa mno kufunguka. Dada Domina ndiye aliyenieleza. Madereva wa malori wanaokula kwenye kibanda chake huifungua wakisubiri chakula, akaniambia, "Mdogo wangu, hiyo gemu yenu ina kiburi. Mtu anaibonyeza, nageuza chapati tatu, bado inazunguka tu. Mwingine anamaliza kula anaondoka hajaiona."

Nikachunguza. Baba, kosa lenyewe lilikuwa jepesi hata likanitia hasira. Kila ikifunguka, gemu ilikuwa inabeba kwanza picha za pikipiki zote na nguo zote za duka lililo ndani ya gemu, hata zile ambazo mchezaji hajawahi kuzigusa, ndipo imwonyeshe pikipiki yake moja. Ni sawa na wewe kumwaga sanduku zima la spana chini kila unapotaka namba kumi.

Nikampelekea bosi wangu, mama mmoja anaitwa Agata. Si mtu mbaya. Akaniuliza, "Watu wananunua vitu dukani?" Nikasema wananunua. "Basi tusiguse." Akanieleza kwamba aliyeandika sehemu hiyo aliondoka zamani, na ukigusa kazi ya mtu aliyeondoka unaweza kuharibu kinachoingiza mkate. Tena kila mmoja wetu amepangiwa kutengeneza nguo mpya za msimu za duka hilo, na mwisho wa mwaka tutaulizwa nguo hizo, hakuna atakayeulizwa mteja alisubiri kiasi gani. Na wanaonunua zaidi wana simu kubwa, hawasubiri. Sisi ofisini tuna simu kubwa kuliko wao, kwa hiyo adha hiyo hatujawahi kuionja.

Nikakumbuka mashine ya kusaga ya Mbuba, ile iliyokuwa mkanda wake unateleza, debe moja unalisubiri asubuhi nzima. Ulimwambia mwenyewe utamkazia mkanda bure, naye akakuonyesha foleni: "Fundi, si hao wanakuja?" Foleni ilikuwa inamwambia mambo ni mazuri. Na sisi huku foleni yetu ni ndefu kweli.

Basi nikafanya kama wewe. Nilitafuta dukani simu iliyotumika, aina ileile niliyokuachia, nikaingia nayo kwenye kikao. Nikampa Agata, nikamwomba afungue gemu yetu. Akashika. Akasubiri. Wenzangu wakaanza kutazamana. Akaweka simu mezani, akanywa kahawa yake yote, akaichukua tena, bado inazunguka, halafu ikajizima yenyewe. Akaniuliza, "Nani anatumia simu kama hii?" Nikasema, "Baba yangu." Akanipa siku mbili.

Hapo ndipo lilipo lile jambo langu.

Siku ya kwanza ya kazi hiyo Dada Domina alinipigia. Nikamweleza kwa furaha ninachofanya, naye akasema, "Afadhali. Baba kila siku akifunga kibanda anaifungua hiyo gemu alione jina lako kwenye orodha ya waliotengeneza. Hajawahi kufika. Inazima, anacheka, anasema kesho." Nikamwambia nitampigia baadaye.

Baba, jina langu halimo. Nilipopata kazi hii uliniuliza, "Na jina lako wameliandika?" nikakujibu ndiyo. Sisi tulioletwa na wakala kwa mkataba hatuandikwi kwenye orodha. Nilijua hivyo tangu siku ya kwanza. Nilikudanganya kwa sababu nilisikia sauti yako ilivyokuwa na furaha, na kwa sababu ulikuwa umeshamwambia kila mtu mpaka mwenyekiti wa kijiji.

Nikakaa mbele ya kazi ile ile niliyoipigania, nikashindwa kuianza. Niliona wazi kwamba nikiimaliza, gemu itafunguka, utafika kwenye orodha, utaisoma jina kwa jina na kidole chako mpaka mwisho. Mchana mzima niliombea Agata abadili mawazo. Naona aibu kukuandikia hivyo, lakini ndivyo ilivyokuwa. Nikajua basi kwamba tatizo jepesi linaweza kuachwa hata na mtu anayelijua vizuri, kwa sababu tu kuliacha kunamfaa.

Kesho yake nilimaliza. Nikaipima kwenye simu ile mbovu mara ishirini. Sasa haifiki hata nusu chapati, Dada Domina ameshanilalamikia kwamba madereva wanacheza hawaagizi chai ya pili. Na kwenye mstari wa maelezo ndani ya programu, ule ambao wachezaji hawauoni kamwe, nimeandika neno moja: bluu.

Baba, nakushukuru. Nakushukuru kwa kilima kile na kwa beberu wa Mzee Laurenti. Nakushukuru kwa kunilipia shule kwa mikono yenye oili, na kwa kunitafuta kila jioni bila kunilalamikia hata mara moja. Nisamehe kwa kukusubirisha bure.

Mbusu Mama, mwambie dawa za kifua asizikatishe akijisikia nafuu. Nisalimie shangazi yangu wa Mbuba anayenitunzia mbegu za maharage, na mwalimu wangu wa hesabu kama bado anakuletea baiskeli yake. Mzee Laurenti mwambie beberu wake amefika Ulaya. Mwenyekiti wa kijiji mweleze ukweli ukipata nafasi, au niachie mimi nikija.

Ukimaliza kusoma, fungua gemu kwenye simu yako. Orodha usiifungue, hakuna kitu chetu humo. Wewe isikilize tu inavyowaka. Halafu nitumie ujumbe kupitia kwa Dada Domina, unijibu kama unavyomjibu fundi: niendelee kuirekebisha, au nimpe mwenyewe?

Ni mimi mwanao anayekupenda,
Editha