Karabai ya Shemeji

Shemeji Maganga,

Nakuandikia nikiwa nimekaa kwenye gogo la mninga tulilolipasua nusu. Msumeno bado umekwama palepale ulipouachia homa ilipokuangusha. Wa kuushika kutoka juu ya gogo sijampata. Unakumbuka ulivyokuwa unanicheka, wewe juu ukiuona mstari, mimi shimoni nakula vumbi la mbao.

Shemeji, tangu tukuzike kuna taa angani. Ilitokea jioni ya pili, upande wa Kabungu, juu kabisa, mahali ambapo mchana hatuoni kitu ila moshi wa kiangazi. Nyekundu, haimetimeti. Pale kambini Sadoki akasema, "Shemeji yako kawasha karabai, anakutafuta ukamshikie msumeno." Watu wakacheka. Jioni ya nne hakucheka mtu. Redio inasema ng'ambo ya ziwa, kule Zaire, kuna vita, wengine wakadhani ni ndege. Lakini ndege gani inasimama? Siku ya sita karibu wote walifunga mizigo wakaenda zao Mpanda. Waliobaki wakawa wanakula mbali nami. "Ondoka wewe," wananiambia, "taa itakufuata."

Nisikufiche, nilikuogopa. Wewe uliyechana shati lako ukanifunga goti, nilikuogopa. Nilijua nina kosa. Nilimwahidi dada Kabula kwamba nitakurudisha nyumbani na gari moshi, na mpaka leo hajui kama mumewe kafa.

Halafu nikakumbuka ulivyokuwa unanigombeza: "Jicho linadanganya. Piga uzi!" Nikachukua uzi wetu, ule tunaoupaka mkaa wa betri kuukuu kuchorea mstari kwenye gogo, nikaufunga kwenye miti miwili, nikaupandisha mpaka ukaikata ile taa katikati. Nikakaa. Nyota zilizokuwa jirani yake zikashuka, zikazama. Yenyewe ikabaki kwenye uzi. Basi si nyota, na wala haitembei kutafuta mtu. Nikauacha uzi mpaka asubuhi, nikakuta moshi mtupu. Siku tatu hivyo. Jana alfajiri upepo ukavuma, moshi ukafunguka, na mwisho wa uzi nikaona mlima. Juu yake mti mkavu mmoja, unafuka.

Shemeji, mti ule naujua.

Siku uliyofariki hatukuwa na kitu cha kuwapa waliochimba kaburi. Mimi na Sadoki tukapanda mlimani, tukafukiza nyuki kwenye tundu la mti huo, tukapata asali ya msiba wako. Moto tukauacha ndani ya tundu, tukikimbilia kuzika. Baada ya mazishi nilisema turudi tukauzime. Msimamizi wa kambi akakataa: "Nyie mmeshazika. Njia iliyoleta chakula cha msiba hairudiwi, ni mwiko." Nikatii. Siku kumi tumekuwa tukiukimbia moto wetu wenyewe na kukusingizia wewe, hakuna aliyefyeka hata jani. Na majani yamekauka, yanafika kiunoni.

Nilimwambia Sadoki. Alichukua panga. Tumebaki watu watatu, tumefyeka mkanda wa kuzuia moto kuzunguka kambi, mikono imechubuka, na bado upande wa shimo la mbao haujaisha. Upande huo ndiko uliko wewe.

Jioni hii ile taa imezimika ghafla. Sadoki akarusha kofia: "Kazima karabai, kalala!" Mimi nikainama kwenye uzi. Nadhani mti umeanguka, kwa sababu chini ya uzi ziko taa nne. Nimeandika mstari huu, nimetazama tena. Ziko saba, na upepo unatoka huko zilipo.

Sadoki anasema twende mtoni sasa hivi. Namwambia watangulie, yeye na yule mwenzetu. Nimeanza kukwangua udongo kuzunguka kaburi lako kwa jembe, nimesimama kidogo tu nikuandikie, kwa sababu kesho sijui.

Samahani, shemeji, kwa asali ile. Samahani kwa kukuogopa. Mvua ikinyesha ikanikuta hai, nitapanda gari moshi nikamweleze dada Kabula mwenyewe, kwa mdomo wangu, habari za kifo chako na za moto, bila kupunguza.

Kwaheri. Nanusa moshi. Wewe lala huko chini. Leo wa juu ni mimi, mstari nauangalia mimi.

Shemeji yako,
Luhende