Kambo na Filme ya Kauboi

Dorcelle, Kambo yangu, babu yangu, amekufa. Amekufa mu kiti, mbele ya filme ya kauboi.

Nilimupeleka na rafiki yake, Papa Nkandu, ku sale ya parokia, kule banaonyeshaka filme, mutaa ya Kamalondo. Filme ya zamani, mulima ya katoni. Bazee bote banapigia kauboi kelele kama batoto: « Angalia nyuma yako! » Kambo akanyamaza. Nikamugusa. Hapumue tena.

Nikasimama niite bantu. Papa Nkandu akanishika mukono: « Gracia, amekwisha kwenda. Acha filme yake iishe. »

Nikakaa. Dorcelle, nilikaa kweli.

Sasa Mama anauliza juu ya nini sikuita haraka. Hata kulia sijalia.

Kauboi alishinda. Bantu bakapiga makofi. Na mimi nikapiga.