Chuma Kilichokuwa Mguuni Mwako

Baba mkwe,

Leo ndiyo mara ya kwanza nakuita "wewe". Miaka tisa nimeolewa na mwanao Ambakisye, na hatukuwahi kusemezana. Ukitokea njiani, mimi naingia migombani, ndivyo mila yetu sisi Wanyakyusa inavyotaka, mke wa mwana asionane na baba mkwe. Na muuguzi pekee wa zahanati ya kijiji chetu cha ujamaa ni mimi huyo huyo!

Nimechukizwa, Baba. Mguu wako haukuweza safari ya kwenda kwa daktari Tukuyu, kwa hiyo cheti cha posho ya askari mlemavu nilikiandika mimi, nikiwa nyuma ya pazia. Ambakisye alinitajia: kovu liko chini ya goti, ndani kuna kitu kigumu. Nikaandika, "kwa maelezo ya mwanawe". Wakubwa wa ofisi ya posho wakajibu kwamba ushahidi hautoshi, huenda ni kidonda cha funza. Funza! Mguu ulioachia nyama yake vitani Burma! Nilitema mate chini mbele ya wagonjwa.

Rufaa ilitaka jambo moja tu, aliyeandika cheti auone mguu kwa macho yake. Ulimtuma mama mkwe aniambie: "Aje. Mimi nitageukia ukutani." Nilikuja, Baba. Nilifika mlangoni, nikaona kisigino chako, nikakimbia. Wale nawachukia, lakini siku ile najichukia zaidi. Wiki iliyofuata kifua kilikubana, ukaondoka.

Kabla hawajakuosha, niliingia. Kumbe masikio ya Ambakisye ni yako! Nililia. Kisha nikapima kovu kwa utepe, nikaandika, nikabonyeza, nikakigusa kile kigumu chini ya ngozi. Mama alikuwa kando yangu.

"Kitoe," akasema. "Asizikwe na chuma cha watu."

Nikakata kidogo. Vilitoka vipande viwili vyeusi. Nikakushona polepole, kana kwamba ungeumia.

Posho sasa ni ya mama, wakikubali. Kesho napanda basi, na chupa ya dawa yenye vile vipande iko kwenye kikapu changu. Siipeleki posta. Nakuahidi nitaimwaga mezani, juu ya karatasi zao, na sitatoka ofisini mpaka mmoja wao avishike kwa mkono wake.

Pumzika, Baba. Nisamehe kwa kukimbia.

Mkweo,
Tusekile